Kwacha za Malawi: mnunuzi wa Karonga anataka kulipa taslimu, nizipokeeje nisiumie?

Mwana_Isyonje (Rungwe)

Wakuu, habari za jioni. Kuna mnunuzi wa Karonga anataka viazi mviringo na mchele. Nikijumlisha gharama zote mpaka Kasumulu, kituo chetu cha mpakani, mzigo unafika shilingi milioni 3. Shilingi hana, anasema atalipa kwacha taslimu upande wa pili mzigo ukishavuka mto Songwe. Dola nazo anasema benki za kwao hazitoi.

Kwacha ya Malawi siijui, kwa hiyo naomba majibu ya watu wanaoijua hela yenyewe. Mambo manne yananisumbua.

Kwanza bei. Simu inaniambia kwacha 1,000 ni shilingi 1,400 na ushee, mchenji wa mpakani ananitajia 650. Tofauti hii inatoka wapi?

Pili, noti zipi zinatembea sasa na zipi zimekufa? Tatu, nitaitambuaje ya bandia bila mashine?

La nne ni hili. Mnunuzi anasema ana kopo la sarafu za zamani za Malawi, za tangu enzi za rais wa kwanza Kamuzu Banda, na anataka nilihesabu kama kwacha 100,000 ndani ya malipo kwa sababu "wakusanyaji wanazitafuta". Kuna ukweli hapo?

---

Njia_ya_Ibanda (Kyela)

Mkuu, simu na mchenji wote wako sahihi, ila kila mmoja anakusomea soko lake.

Simu inasoma bei rasmi ya Benki Kuu ya Malawi. Kwa bei hiyo dola moja imekaa kwenye kwacha 1,750 hivi kwa muda mrefu. Chukulia dola ni shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi: 2,500 gawanya kwa 1,750 unapata shilingi 1.43 kwa kwacha moja, yaani shilingi 1,430 hivi kwa kwacha 1,000. Hiyo ndiyo namba uliyoiona. Tatizo ni kwamba kwa bei hiyo dola haipatikani kirahisi. Mwagizaji wa Malawi akienda benki anaandikishwa kwenye foleni, akichoka anaitafuta mtaani kwa kwacha nyingi zaidi ya mara mbili. Bei ya kwacha pale Kasumulu inafuata dola ya mtaani, ndiyo maana inashuka mpaka huko kwenye 650.

Sasa tazama mnunuzi akikushawishi kutumia bei ya simu. Mzigo wa shilingi 3,000,000 kwa bei rasmi ni kwacha 2,100,000. Unazichukua, unafika kwa mchenji, kwa 650 zinakuwa shilingi 1,365,000. Shilingi 1,635,000 zimekwenda na hakuna aliyekuibia, umekubali mwenyewe namba isiyo na soko.

Usitumie 650 yangu wala yako kama amri. Bei hii inabadilika ndani ya wiki, siku nyingine asubuhi na jioni si sawa. Uliza siku yenyewe, kwa watu watatu tofauti, na uliza bei mbili: anayonunulia kwacha na anayouzia. Tuseme ananunua kwacha 1,000 kwa shilingi 630 na kuziuza kwa 670. Wewe unakwenda kuziuza kwake, kwa hiyo bei yako ni 630. Wengi wanakosea hapa, wanachukua ile ya katikati. Kwa 630, mzigo wako ni kwacha 4,762,000. Ukikubali 4,615,000, ambayo ni hesabu ya 650, unapungukiwa shilingi 90,000 na zaidi. Hiyo ni nauli ya kirikuu.

Halafu kuna mtego wa namna ya kutaja bei. Upande wetu wanataja shilingi ngapi kwa kwacha 1,000. Upande wa Songwe, yaani Malawi, wengi wanageuza, wanataja kwacha ngapi kwa shilingi 1,000. Ile 650, ukiigeuza, inakuwa 1,540 hivi. Mtu mgeni akisikia "elfu moja mia tano na arobaini", na simu yake ilimwonyesha 1,430, anafurahi akidhani amepata bei nzuri kuliko ya benki! Kabla ya kukubali chochote sema kwa sauti: "Nikikupa kwacha elfu moja, mkononi unanipa shilingi ngapi?" Na hesabu ifanyike kwenye simu yako, si kwenye kikokotoo chake.

---

Soweto_Mbeya

Naongezea kwa nini hali iko hivyo, maana ukielewa sababu utajua lini kukaza bei.

Kwacha ya Malawi ilianza 15 Februari 1971, ikachukua nafasi ya pauni ya Malawi kwa kwacha 2 kwa pauni 1. Kwacha moja ikagawanywa tambala 100. Wakati huo noti kubwa kuliko zote ilikuwa kwacha 10. Sasa fuata noti kubwa zilivyoongezeka: kwacha 200 mwaka 1995, kwacha 500 mwaka 2001, kwacha 1,000 mwaka 2012, kwacha 2,000 mwishoni mwa 2016, kwacha 5,000 mwaka 2022. Ndani ya miaka 10 ya mwisho ya orodha hiyo noti kubwa imekua mara 5. Nchi haichapishi noti kubwa kwa kupenda, inafanya hivyo kwa sababu zile za chini zimeacha kununua kitu.

Thamani yenyewe haishuki taratibu kila siku. Inashikiliwa, halafu inaachiwa kwa mkupuo. Mei 2012 dola ilitoka kwacha 167 hadi 250. Mei 2022 ikasogezwa tena, kutoka kwenye 820 na ushee hadi zaidi ya 1,000. Tarehe 9 Novemba 2023 ikatoka 1,180 hadi 1,700 kwa siku moja, kwacha ikapoteza asilimia 44 ya thamani yake. Aliyelala na mabunda ya kwacha aliamka na nusu yake hivi.

Dola nyingi za Malawi zinatokana na tumbaku. Minada ikiwa wazi, kuanzia Aprili hivi kuendelea hadi katikati ya mwaka, dola zinaingia na kwacha inapumua kidogo. Minada ikifungwa, na wakati huohuo nchi inatakiwa kununua mbolea na mafuta, kuanzia Oktoba mpaka masika, kwacha inalegea. Mkataba wa kulipwa kwacha "baada ya wiki tatu" mwezi Novemba ni mbaya kuliko mkataba huohuo mwezi Juni.

---

Hesabu_Mafinga

Soweto, maelezo mazuri, ila asilimia umeziweka vibaya na kwa mfanyabiashara jambo hili ni kubwa.

Asilimia 44 ni kupanda kwa bei ya dola: 1,700 toa 1,180 ni 520, gawanya kwa 1,180. Kushuka kwa thamani ya kwacha ni 520 gawanya kwa 1,700, yaani asilimia 31 hivi. Jaribu kwa hela: kwacha milioni 1 ilikuwa dola 847 jana yake, ikawa dola 588. Imepungua karibu theluthi, si nusu.

Na hata hiyo theluthi ni kwenye karatasi ya benki. Mtaani bei ilikuwa imeshatangulia, kwa hiyo aliyekuwa anachenji Kasumulu hakupigwa theluthi nzima usiku ule. Kinyume chake pia ni kweli: bei rasmi inaweza kukaa palepale mwaka mzima, simu ikakuonyesha mstari ulionyooka, na mtaani kwacha ikawa inayeyuka kila mwezi. Mstari ulionyooka kwenye simu usikutulize.

---

Soweto_Mbeya

Sawa kabisa, asilimia 31. Ushauri unabaki: usilale nazo.

---

Njiapanda_Tunduma

Jamani, kabla hatujafika kwenye noti za bandia, kuna jambo ambalo huku Tunduma tunaliona kila wiki: kuna kwacha mbili. Ya Zambia na ya Malawi. Jina moja, nchi mbili, na thamani zimeachana sana. Kwacha moja ya Zambia ni shilingi mia na kitu. Kwacha moja ya Malawi haifiki shilingi kwa bei ya mtaani. Noti ya kwacha 100 ya Zambia ni kama shilingi 10,000 na zaidi, noti ya kwacha 100 ya Malawi ni kama shilingi 65. Mkikubaliana "kwacha" kwenye simu bila kutaja nchi mmeanza ugomvi tayari.

Namna ya kutenganisha ni rahisi, soma jina la benki juu ya noti. Ya Zambia ina jina la Benki ya Zambia na ndege furukombe upande wa mbele. Ya Malawi ina jina la Benki Kuu ya Malawi na sura ya mtu.

Balaa liko kwenye noti za zamani za Zambia. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu, kwacha 1,000 ya zamani ikawa kwacha 1. Kabla ya hapo walikuwa na noti za 1,000, 5,000, 10,000, 20,000 na 50,000. Muda wa kuzibadilisha ulishakwisha miaka mingi, leo ni karatasi tu. Wapo wanaozichomeka katikati ya bunda la Malawi kwa sababu tarakimu zinafanana: 1,000 ya zamani ya Zambia juu ya 1,000 ya Malawi, 5,000 juu ya 5,000. Ile 1,000 ya zamani ya Zambia utaijua pia kwa vidole, matoleo yake ya tangu 2003 ni ya plastiki.

Zambia imetoa pia noti mpya tangu 31 Machi 2025, zikiwemo za kwacha 200 na 500, na kwacha 2 na 5 zikawa sarafu. Kwa hiyo sasa hata tarakimu 200 na 500 ziko pande zote mbili. Soma jina la benki, kila noti.

---

Njia_ya_Ibanda (Kyela)

Asante Tunduma. Sasa noti za Malawi zinazotembea.

Ni 20, 50, 100, 200, 500, 1,000, 2,000 na 5,000. Sura zake kuanzia chini hadi 2,000: 20 ni Inkosi ya Makhosi (chifu mkuu) M'mbelwa II, 50 ni Inkosi ya Makhosi Gomani II, 100 ni James Sangala, 200 ni Rose Chibambo, mama pekee kwenye orodha hii, 500 ni Mchungaji John Chilembwe, 1,000 ni Kamuzu Banda, na 2,000 ni Chilembwe tena.

Hapo kwenye Chilembwe simama. Sura moja iko kwenye noti mbili, na moja ni robo ya nyingine. Ukihesabu kwa kutazama sura tu, jioni, kwenye mwanga wa tochi, 500 zitakupita ndani ya bunda la 2,000. Geuza nyuma: 500 ina bwawa la Mulunguzi la Zomba, 2,000 ina majengo ya chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoko Thyolo. Hesabu bunda la 2,000 ukitazama mgongo wa noti.

Kuhusu zilizokufa, kanuni fupi ya mpakani ni hii: mfululizo wa sasa ulianza 2012, na kwenye mfululizo uliotangulia Chilembwe alikuwa kwenye noti zote. Ukiona Chilembwe kwenye 20, 50, 100 au 200, hiyo ni ya zamani, irudishe. Ukiona sura ya Bakili Muluzi, rais aliyemfuata Kamuzu, ni ya miaka ya 1990, irudishe. Kamuzu kwenye tarakimu yoyote ndogo, ya tambala 50 au kwacha 1 au 10, ni ya kumbukumbu ya nyumbani.

Ukaguzi bila mashine. Anza na vidole. Noti halisi ni karatasi ya pamba, haina ule utelezi wa karatasi ya daftari, na ukipitisha ukucha juu ya sura na maandishi makubwa unasikia mparuzo. Noti iliyozeeka sana mparuzo unaisha, kwa hiyo usiitupe kwa hilo peke yake. Kisha inyanyue kwenye mwanga: kivuli cha sura kinatokea ndani ya karatasi, chenye sehemu nyepesi na nzito, na utepe unapita mzima kutoka juu hadi chini. Bandia nyingi zina kivuli kilichochorwa juu kwa wino hafifu. Utakijua kwa sababu kinaonekana hata noti ikiwa imelala mezani.

Mwenye taa ya kukagulia noti aitumie, ila aielewe. Karatasi halisi inabaki na giza chini ya taa ile, karatasi ya kawaida inang'aa samawati. Lakini noti iliyofuliwa ndani ya suruali kwa sabuni ya unga nayo inang'aa, maana sabuni ina dawa ya kung'arisha. Noti iking'aa, rudi kwenye vidole na kivuli kabla ya kumwita mtu mwizi.

Jambo la mwisho, namba za noti. Bandia hutengenezwa nyingi kutoka noti moja, kwa hiyo namba zinajirudia. Chomoa noti 10 zilizo safi kuliko nyingine, zisome namba. Mbili zikilingana, acha kuhesabu, rudisha bunda lote.

---

Mwana_Isyonje (Rungwe)

Mmenifungua macho. Swali dogo: kwacha milioni 4.7 ni noti ngapi hasa? Nijue kama ni begi au ni mfuko wa koti.

---

Hesabu_Mafinga

Inategemea noti, ndiyo maana uiweke kwenye makubaliano mapema. Kwa kwacha 4,762,000: za 5,000 ni noti 952 na chenji ya 2,000, yaani mabunda 9 ya noti mia mia na noti 52 juu. Za 2,000 ni noti 2,381. Za 1,000 ni 4,762. Akikuletea za 500 ni 9,524, mabunda 95. Mtu mmoja akihesabu noti moja kwa sekunde, bila kupumzika, za 500 zinachukua zaidi ya saa mbili na nusu. Hapo ndipo watu wanapochoka na kuanza kuamini rababendi.

Usiamini rababendi. Vunja kila bunda. Hesabu kutoka mwanzo, geuza, hesabu kutoka mwisho. Noti iliyokunjwa katikati inasomeka mara mbili ukihesabu upande mmoja tu, ukigeuza inajionyesha. Na bunda likishapita mikononi mwako lisirudi kwake "alikague kidogo". Likirudi, linahesabiwa upya.

Noti zilizounganishwa kwa gundi ya karatasi, zilizokatika kona kubwa au zenye wino wa kumwagikiwa, mrudishie palepale. Benki za Karonga zinaweza kumpokelea yeye, mchenji wa Kasumulu atakukata bei au atazikataa kabisa.

---

Kopo_la_Sarafu (Iringa)

Nijibu la sarafu, maana swali hilo limeachwa na ndilo ambalo mnunuzi wako anataka kukubana nalo.

Anza na hesabu ya uso wa sarafu. Kwacha 100,000 ni tambala 10,000,000. Kama kopo lina sarafu za tambala 20, zingetakiwa sarafu 500,000. Hata zingekuwa zote za kwacha 10, ambayo ndiyo sarafu kubwa inayotembea, zingetakiwa 10,000. Kopo halibebi hizo. Kwa hiyo thamani ya uso haifiki popote, na mchenji hapokei sarafu hata moja: kwacha 10 kwa bei yenu ni shilingi 6 na nusu, usafiri wake ni ghali kuliko yenyewe.

Inabaki hoja ya wakusanyaji. Hapo kila sarafu inatazamwa peke yake.

Kwanza tenganisha kwa umri. Za 1964 ni za pauni ya Malawi, kabla ya kwacha: penzi 6 yenye jogoo, shilingi yenye mahindi, florini yenye tembo, na nusu krauni yenye nembo ya taifa. Hazina fedha ndani yake, ingawa zinang'aa kama fedha na wauzaji wengi wanasema hivyo. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Kisha tambala za 1971 kuendelea: 1 ina jogoo, 10 ina mahindi, 20 ina tembo na mtoto wake, upande wa pili sura ya Kamuzu. Miaka ya katikati ya 1990 sura ikawa ya Muluzi, baadaye nembo ya taifa.

Halafu chukua sumaku, hata ya spika mbovu. Tambala 1 na 2 za mwanzo ni shaba nyeusi tupu, hazinaswi. Za baadaye ni chuma kilichopakwa shaba, zinanasa. Ndivyo ilivyo kwa 5, 10 na 20: za mwanzo ni shaba na nikeli, za baadaye ni chuma kilichopakwa nikeli. Zinazonasa na zimetumika ni za kumpa mtoto achezee. Zisizonasa ni za kuweka kwenye mkusanyiko, lakini zilitengenezwa nyingi na bei yake ni ndogo isipokuwa ziwe mpya kabisa, hazijaguswa na mikono ya soko.

Chunguza kama kuna zenye tundu katikati. Malawi huru haikutengeneza sarafu ya tundu. Ya tundu yenye tembo ni peni ya Rhodesia na Nyasaland, yenye twiga ni nusu peni ya hukohuko, miaka ya 1955 hadi 1964. Yenye pembe za ndovu zilizozunguka tundu ni senti zetu za Afrika Mashariki, zilizokuwepo kabla ya shilingi ya Tanzania ya 1966. Makopo ya Karonga na Kyela yana mchanganyiko wa zote tatu kwa sababu watu wa Songwe walivuka na kurudi tangu zamani.

Nitakaponyanyua mkono ni hapa tu: krauni ya 1966 ya Malawi kuwa jamhuri, kwacha 1 kubwa ya 1971 ya kuanza kwa hela mpya, na kwacha 10 ya 1974, ambayo hiyo sasa ni fedha ya kweli. Hizi zilitolewa kwa kumbukumbu, hazikuzunguka sokoni, na kuzikuta kwenye kopo la jikoni ni bahati adimu. Akiwa nazo atazileta peke yake kwenye kisanduku, hatazichanganya na tambala.

Ukiamua kulichukua kopo kama zawadi, usizisugue. Majivu, limao na mchanga vinaondoa ngozi ya sarafu na mkusanyaji anaona mara moja. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, kausha kwa kitambaa laini kwa kugandamiza, basi. Zihifadhi kwenye bahasha ndogo za karatasi kavu. Vile vifuko laini vya plastiki vinatoa mafuta ya kijani baada ya miaka, yanakula shaba. Na kwa joto na unyevu wa Kyela, za chuma zinaanza kutu ukingoni, mahali rangi ilipokatika. Huku kwetu Iringa zinakaa vizuri zaidi.

Kwa kifupi cha biashara yako: mhesabie kopo kwacha sifuri.

---

Mwanasheria_Forest (Mbeya)

Naomba mnisikilize na mimi, kwa sababu bei zote hizi mnazozitaja zina upande wa sheria.

Kubadilisha fedha za kigeni kwa mtu asiye na leseni ni kosa Tanzania, na Malawi vilevile. Ukikamatwa na mabunda, maelezo ya "mchenji wa mpakani" hayakusaidii, unaweza kuzipoteza zote. Na tangu 28 Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Kwa hiyo mauzo yakifanyika Kasumulu upande wetu, bei na risiti ni shilingi. Akikulipa kwacha ukiwa Tanzania mmevunja kanuni nyote wawili.

Upande wetu, wanaobeba taslimu kuvuka mpaka wanatakiwa kutamka forodhani zikifika thamani ya dola 10,000. Kwacha milioni 4.7 kwa bei rasmi ni dola 2,700 hivi, hujafika. Lakini Malawi ina kikomo chake cha kwacha zinazotoka nje ya nchi, na kinasimamiwa. Uliza dirisha la forodha la Songwe kabla hujapanga mabunda kwenye begi, wakikuambia kiasi kiheshimu.

Njia iliyo salama kuliko zote kwa mtu mwenye kwacha halali upande wa Malawi ni kutozileta kwacha zenyewe. Nunua bidhaa kulekule, zije bidhaa. Soya, karanga na mbaazi za kaskazini ya Malawi zina soko Mbeya. Masharti yake: kibali cha kuingiza mimea kutoka mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu kabla hujanunua, cheti cha afya ya mimea kutoka Malawi, na cheti cha uasilia wa bidhaa cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ili ushuru upungue, kwa kuwa nchi zote mbili ni wanachama. Ukikosa cheti cha uasilia unalipa ushuru kama bidhaa imetoka bara jingine. Hakikisha pia siku hiyo hakuna zuio la mazao, maana mwaka 2025 Malawi na Tanzania ziliwahi kuzuiliana mazao na malori yakakwama. Hilo linahusu hata viazi na mchele wako wa kwenda.

---

Mwana_Isyonje (Rungwe)

Ndaga fijo, wakuu wote. Nimemwandikia mnunuzi kwamba kopo abaki nalo, bei ni ya shilingi, na akilipa kwa kwacha hesabu ni ya bei ya kununulia ya siku hiyo, noti za 5,000 na 2,000 peke yake. Amejibu kwamba kwa masharti hayo anaomba alipe nusu siku ya kwanza na nusu baada ya siku 14, kwacha zilezile. Niandikeje hapo?

---

Hesabu_Mafinga

Usiandike "kwacha 2,381,000 baada ya siku 14". Andika "shilingi 1,500,000, zitakazolipwa kwa kwacha kwa bei ya kununulia ya siku ya malipo, au kwa soya ya thamani hiyo iliyofikishwa Songwe". Kwa hiyo kwacha ikishuka kutoka 630 hadi 580 katika siku hizo, analeta 2,586,000 badala ya 2,381,000, na wewe hupungukiwi. Ikipanda, naye anapata nafuu, ni haki yake. Taja pia bei itasomwa wapi na saa ngapi, kwa mfano wastani wa watu watatu saa 4 asubuhi, kila mmoja mkiwa mmekubaliana jina lake. Bila hilo mtabishana siku ya malipo.

---

Njia_ya_Ibanda (Kyela)

Na nusu ya kwanza ilipwe kabla lori halijashusha, si baada. Viazi vikishashushwa kwenye jua la Karonga huna tena nguvu ya kurudisha bunda lenye noti mbaya.